Saa Mia Mbili na Kiti cha Kulia

Nawapongeza sana. Kila mmoja wenu hapa ana leseni ya rubani wa biashara, na najua kuna mzazi aliyeuza kiwanja ili mwanawe aipate. Kwa heshima ya mzazi huyo, leo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mna saa 200 za kuruka, wengine zaidi kidogo. Mwajiri anataka 500, au hata 1,000, nanyi mnaona anawadharau. Sivyo. Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, lakini kampuni ya bima haikubali rubani huyo awe mgeni wa kazi. Mkuu wa marubani anaweza kukupenda na bado asiwe na la kufanya. Ila kampuni kadhaa za safari huweka rubani wa pili kiti cha upande wa kulia, kwa ajili ya usalama na kwa kuwa wageni wao wanataka hivyo. Hicho ndicho kiti chenu. Mkibisha hodi, ulizieni hicho.

Na mbishe hodi kwa miguu. Mimi nilituma barua miezi minane bila jibu hata moja. Nikaenda uwanja wa ndege wa Arusha, nikaomba kazi yoyote, nikapewa mzani. Nilipima mabegi, kilo 15 kwa kila abiria, na kuwapima abiria wenyewe. Wenzangu waliona nimejishusha. Lakini pale mzani ndipo nilipoelewa ndege kuliko darasani: uwanja uko juu, zaidi ya futi 4,500, na jua la saa saba mchana likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Kilo 20 zilizofichwa ndani ya begi la kamera ni kilo za kweli. Makapteni walinizoea kwa sababu karatasi yangu ya uzito haikuwahi kuwadanganya.

Nafasi ilipotokea tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa na alama nzuri kuliko zangu, na nasema hivyo bila kinyongo. Lakini cheti chake cha afya cha daraja la kwanza kilikuwa kimeisha, na alikuwa hajagusa usukani karibu mwaka mzima. Mimi kila nilipopata mshahara nilikodi ndege ndogo, saa moja tu, nikapaa na kutua mara tatu, kwa maana bila mara tatu ndani ya siku 90 huruhusiwi kubeba abiria. Mkuu wa marubani aliuliza swali moja: nani yuko tayari wiki hii? Bado nilifundishwa na kupimwa kabla ya kukaa na abiria, lakini mlango ulifunguka hapo.

Wenye moyo wa ualimu, chukueni kibali cha ukufunzi. Marekani, ambako tangu 2013 rubani wa shirika la abiria kwa kawaida huhitaji saa 1,500, vijana wengi huzikusanya kwa kufundisha. Huku shule ni chache, lakini zipo.

Jambo moja linaniuma kulisema. Atakuja mtu akuambie lipa ukae kiti cha kulia, au andika saa ambazo hukuruka. Mkatae. Daftari la saa husomwa na watu waliokwisha kuruka njia hizo hizo. Wanajua Arusha hadi Seronera, kule Serengeti, ni muda gani. Na siku pundamilia wamejaa kwenye njia ya kutua, itabidi upite chini kuwafukuza, upae tena, uzunguke, upepo ukiwa umegeuka. Saa za kalamu hazitakusaidia hapo, na nyuma yako wamekaa watu 12.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa uwanjani, upande wa hanga. Atakayekuja aje na leseni, cheti cha afya na daftari lake. Nitakaa na kila mmoja tulipitie ukurasa kwa ukurasa.