Maneno ya Kiingereza Yana Ukoo: Visawe, Vinyume na Asili

Habari zenu, ndugu zangu mlioko nyumbani, na karibuni tena. Wengi wenu mmeniuliza mtu afanyeje ili avuke kutoka Kiingereza cha kuelewana tu hadi kile cha kuandikia ripoti, kusomea shahada na kujieleza mbele ya waajiri. Ushauri wangu ni huu: acheni kukariri orodha ndefu za maneno magumu. Neno lililokaririwa peke yake husahaulika upesi, ilhali neno unalolijua pamoja na ndugu zake, wapinzani wake na mahali lilikotoka hukaa kichwani, na tena hukuonyesha lenyewe linapofaa kutumika.

Nianze na visawe, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi hodari hujikwaa. Chukueni "ask", "question" na "interrogate". Yote matatu yanahusu kuuliza, lakini hayakuingia katika lugha kwa mlango mmoja. La kwanza ni la Kiingereza cha kale. La pili lilikuja kupitia Kifaransa, ambacho kilikuwa lugha ya watawala baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066. La tatu wasomi walilichota katika Kilatini. Ndiyo maana la kwanza ni la kila mtu na la kila siku, la pili lina urasmi na wakati mwingine shaka ndani yake, na la tatu humfanya msikilizaji afikirie mtuhumiwa aliyeketi mbele ya askari. Sisi wenyewe tuna ngazi kama hizo katika uliza, hoji na saili, na hakuna mzazi anayemsaili mwanawe kama amelala vizuri.

Kifaransa hicho kilishika mahakama kwa muda mrefu mno, hata ikabidi sheria ipitishwe mwaka 1362 kuagiza kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza. Sheria ilibadilisha lugha ya kusemea, lakini msamiati ulibaki: "judge", "jury" na "verdict" ni maneno yaliyopitia Kifaransa. Ukilijua hilo, hutashangaa kwa nini maandishi ya kisheria yanasikika mazito kuliko mazungumzo ya mtaani.

Kuna kamusi za visawe, na maarufu kuliko zote ni ile ya daktari Peter Mark Roget, iliyotoka mwaka 1852, ambayo ilipanga maneno kwa maana badala ya alfabeti. Ninaipenda kamusi ya aina hiyo, lakini naomba mtu asiitumie peke yake. Inaweza kukuwekea "thrifty", "frugal" na "stingy" jirani kabisa, ilhali la kwanza humsifu mtu anayetunza fedha zake na la mwisho humtukana kuwa ni bahili. Kabla ya kulichukua neno jipya, lifungulie kamusi ya kawaida yenye mifano ya sentensi.

Kuhusu vinyume, wengi hujua kwamba "in" ikiwekwa mwanzoni hukanusha, kisha wanachanganyikiwa wakikutana na "impossible", "illegal" na "irregular". Msemaji wa Kiswahili hana haki ya kuogopa hapa. Sisi husema nyumba mbaya na nyumba ndefu bila kufikiri, kiambishi kikijirekebisha kulingana na sauti inayokifuata. Kilatini nacho kilifanya vivyo hivyo. Hatari iko kwingine. "Invaluable" si kitu kisicho na thamani, bali ni kile ambacho thamani yake haikadiriki. "Inflammable" nalo si kinyume cha "flammable", kwani "in" yake ni ya kuingiza ndani, si ya kukanusha, na kwa ajili ya usalama maonyo mengi siku hizi hutumia "flammable". Vilevile jaji anatakiwa awe "disinterested", yaani asiye na maslahi katika shauri, lakini ole wa mshtakiwa ikiwa jaji huyo ni "uninterested", asiyejali kabisa.

Sasa tazameni ukurasa huu wa daftari langu, maana asili ya maneno ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Katikati nimeandika "scribere", kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuandika. Kama vile mzizi wetu "andik" unavyotupa mwandiko, maandishi na andikisha, ndivyo huu unavyozaa "describe", "inscription" na "manuscript", ambalo ni maandishi ya mkono, kwa kuwa "manus" ni mkono. Juu, katika kona hii, nimeyaweka mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu: "prescribe", kuagiza, na "proscribe", kupiga marufuku. Anayekariri atayachanganya daima. Lakini mwaka 82 kabla ya Kristo, Sulla, jemadari wa Kirumi aliyekuwa ametwaa madaraka, alibandika hadharani mjini Roma majina ya maadui zake, na yeyote aliyeorodheshwa aliweza kuuawa na mali yake kutaifishwa. Kwa Warumi, jina kubandikwa namna ile ndiko kulikokuwa "proscribere". Tangu nilipoisoma habari hiyo sijawahi kusita kati ya maneno hayo mawili.

Nafasi hii ya chini nimeiacha wazi kwa ajili ya neno mnaloliona kila siku kwenye vitufe vya video: "subscribe". "Sub" ni chini, na zamani mtu aliyekubaliana na jambo aliandika jina lake chini ya hati. Lichambueni, kisha mlitafutie kisawe kimoja cha barua rasmi na kinyume kimoja, na katika video ijayo tutayapima majibu yenu pamoja.