Dawa Ikishashuka, Gari Linalala Wapi?

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Kichupa hiki kina maji yenye oksidi ya chuma, meusi yanayoelekea rangi ya kutu. Tazameni: nikisogeza sumaku ubavuni, weusi unajikusanya upande huu. Kila chembe humo ina upana wa nanomita kumi hivi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndiyo maana watafiti wanaitamani: uipakie dawa, uivute kwa sumaku hadi kwenye uvimbe.

Dawa hiyo ni abiria. Mimi nimekuja kuzungumzia gari, yaani chembe inayoibeba. Daladala la Mbagala likishashusha watu halitoweki, lina mahali linapolala.

Si chuma pekee kilichowahi kuingizwa mwilini. Miaka ya 1980, huko Paris, wagonjwa wa UKIMWI walipewa kishada cha oksidi ya tangsteni na antimoni, yaani atomi zake zilizoshikana pamoja, kiitwacho HPA-23. Maabara kilizuia kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kujizalisha. Watu walivuka bahari kukifuata, akiwemo mwigizaji Rock Hudson. Mwilini kikapunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na nafuu haikuonekana. Kikaachwa. Kila nikisoma habari hizo nawafikiria waliopanda ndege wakiwa na tumaini hilo moja.

Chembe ndogo sana, chini ya nanomita sita hivi, figo huzitoa na mkojo. Kubwa zaidi hudakwa na ini na wengu. Chuma huko huyeyushwa taratibu kikaingia kwenye akiba ya mwili. Titani, metali nyingine, haina njia hiyo, hukaa.

Hata chuma kina masharti. Ferumoxytol, oksidi ya chuma iliyovikwa ganda la sukari, iliruhusiwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Mwaka 2015 likatolewa onyo kali: wengine walipata mzio wa kuua. Sindano ya haraka ikakatazwa, ikawa dripu ya dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa aangaliwe nusu saa.

Sasa, hapa kwetu tuna watoto wengi wa selimundu. Aliyeongezewa damu mara nyingi huwa na chuma tele kwenye ini, na gari la chuma litamwongezea. Mtafiti akikuletea fomu ya ridhaa, mama, muulize kama atapima feritini ya mtoto, yaani protini ya damu inayoonyesha akiba ya chuma, kabla ya sindano ya kwanza, na ini atarudi kulipima lini.