Namna ya Kupima Kichakataji cha Bei Nafuu Chenye Grafiki Ndani Yake

Karibuni, watazamaji. Hapa mezani kwangu, Jinja, ipo kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya grafiki. Waya wa monita mnaouona umechomekwa moja kwa moja kwenye tundu la HDMI la ubao mama, na kila picha inayotokea kwenye skrini inachorwa na kichakataji (CPU) chenyewe, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kichakataji hicho ni AMD Ryzen 5 5600G, ambacho kilianza kuuzwa rejareja mwezi wa Agosti 2021 kwa dola 259 za Kimarekani. Leo nitakitumia kama mfano wa kuwaonyesha jinsi ya kupima vichakataji vya aina hii, ili mwenye duka la kuchapa kadi pale Nasser Road, Kampala, au mwanafunzi anayeweka akiba kidogo kidogo, ajue kama fedha yake inakwenda panapostahili.

Naomba nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kupima. Mteja mmoja wa Mbale aliniletea kompyuta yenye kichakataji cha namna hii, iliyounganishwa dukani, akieleza kwamba video zinakwama na programu yake ya kuchora mabango inakokota. Niliendesha jaribio moja, nikaona namba ndogo, nikamwambia kwamba kichakataji ni dhaifu na kwamba hana budi kununua kadi ya grafiki. Aliinunua. Miezi kadhaa baadaye, nilipoifungua kompyuta ile ili kuondoa vumbi, niliona kwamba ndani yake kulikuwa na kijiti kimoja tu cha RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi. Nilikuwa nimekihukumu kichakataji kwa kosa la kijiti. Fedha aliyotoa mteja wangu ingetosha kununua kijiti cha pili na nyingine ikabaki mfukoni, na jambo hilo linaniuma mpaka sasa. Kwa hiyo, katika video hii, RAM itachukua nafasi kubwa kuliko mnavyotarajia.

Hatua ya kwanza ni kusoma jina lote, mpaka herufi ya mwisho. Kwenye jukwaa la AM4, yaani aina ya soketi ya ubao mama ambamo kichakataji cha AMD hukaa, 5600G na 5600GT zina grafiki ndani, lakini 5600, 5600X na 5500 hazina. Ukiichukua moja kati ya hizo tatu ukaiwasha bila kadi ya grafiki, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Kwa upande wa Intel, herufi F mwishoni mwa jina, kama ilivyo kwenye Core i3-12100F, inamaanisha kwamba hakuna grafiki ya kutumia, ilhali Core i3-12100 isiyo na herufi hiyo inayo. Angalia pia ubao mama wenyewe nyuma: pasipokuwa na tundu la HDMI, DisplayPort au VGA, grafiki iliyomo ndani ya kichakataji haina mlango wa kutokea.

Jina likishasomwa, soma maelezo, ila usiyasome kama mtu anayehesabu mayai. 5600G ina viini 6 (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi 12 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja), mwendo wa kuanzia wa gigahezi 3.9 unaopanda hadi 4.4, na vitengo 7 vya grafiki ya Vega, ambalo ni jina la grafiki hiyo ya AMD. Ryzen 3 3200G, iliyotoka mwaka 2019, ina vitengo 8. Mtu akihesabu vitengo peke yake atasema ile ya zamani ndiyo yenye nguvu. Lakini vitengo vya 3200G vinakwenda kwa megahezi 1250, na vya 5600G kwa 1900. Kila kitengo kina vikokotozi 64. Ukizidisha utaona kwamba ile yenye vitengo vichache inafanya takribani theluthi moja zaidi ya hesabu kwa kila sekunde. Idadi bila mwendo haimwambii mnunuzi lolote.

Sasa tufungue kava. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulioko mwilini mwako utoke.

Hatua ya pili ndiyo nzito kuliko zote. Kadi ya grafiki inayojitegemea huja na kumbukumbu yake. GTX 1650 yenye kumbukumbu ya GDDR5, kwa mfano, hupitisha gigabaiti 128 kwa sekunde, na hakuna anayegawana nayo njia hiyo. Grafiki iliyo ndani ya kichakataji haina kumbukumbu yake yenyewe. Huazima kutoka kwenye RAM ile ile inayotumiwa na programu zako. Kijiti kimoja cha DDR4 (aina ya RAM inayotumika kwenye ubao huu) cha kasi ya 3200 husafirisha baiti 8 mara milioni 3,200 kwa sekunde, yaani gigabaiti 25.6. Ukiweka vijiti viwili kwenye njia mbili tofauti, unapata gigabaiti 51.2. Unaona basi kwamba kijiti kimoja chenye gigabaiti 16 na vijiti viwili vyenye gigabaiti 8 kila kimoja vinalingana kwa ujazo, lakini njia ya pili ni pana mara mbili, na grafiki inayoazima huuhitaji upana huo kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo usikubali kipimo chochote cha grafiki, kiwe cha dukani au cha mtu mwingine kwenye video, mpaka uambiwe kilifanywa kwa vijiti vingapi.

Tazama mahali ninapovichomeka. Ubao huu una nafasi nne, na kwa kawaida, ukihesabu kutoka upande wa kichakataji, vijiti viwili hukaa kwenye nafasi ya pili na ya nne. Ukivikalisha kwenye nafasi mbili zinazofuatana, kuna uwezekano vikaangukia njia moja, na faida yote ikapotea bila kompyuta kukuonya. Kitabu cha ubao huonyesha nafasi zipi ni sahihi, kifungue kwanza. Ubao wenye nafasi mbili tu hauna tatizo hilo, ukijaza zote mbili.

Tukiwasha, tunaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla ya Windows, mara nyingi kwa kubonyeza Delete au F2. Yapo mambo mawili ya kurekebisha hapa. La kwanza ni mpangilio unaoitwa XMP, au DOCP kwenye baadhi ya mbao, ambao huiruhusu RAM kukimbia kwa kasi iliyoandikwa kwenye lebo yake. Usipouwasha, vijiti vya 3200 vinaweza kubaki kwenye 2133 au 2400. La pili ni kiasi cha RAM kinachotengwa kwa ajili ya grafiki, ambacho huandikwa "UMA Frame Buffer Size". Ukiwa na gigabaiti 8 kwa jumla na ukatenga 2, Windows na programu zako zote zinabaki na 6. Ndiyo maana mimi sishauri kununua kompyuta ya namna hii yenye RAM iliyo chini ya gigabaiti 16, isipokuwa kama kazi yake ni kuandika barua na kupokea malipo tu.

Hifadhi, toka, kisha tuhakikishe. Programu ya CPU-Z, inayoonyesha maelezo ya kichakataji na RAM, ni ndogo na haina malipo, jambo lenye maana kwa anayenunua data kwa megabaiti. Fungua ukurasa wa "Memory" uangalie kama njia ni mbili. Mwendo wa RAM utauona umeandikwa karibu na megahezi 1600, na usishtuke: DDR husafirisha mara mbili katika kila pigo, kwa hiyo 1600 ndiyo 3200 yako.

Hatua inayofuata ni kuujaribu uwezo wa viini. Ninaitumia 7-Zip, programu ya kubana mafaili, kwa sababu nayo ni ndogo, na ndani yake kuna jaribio linalopatikana kwenye menyu ya "Tools", kisha "Benchmark". Liache lizunguke mara kadhaa, uandike namba ya mwisho, halafu urudie jaribio hilo hilo kwenye kompyuta unayoitumia sasa. Ulinganifu wa mashine mbili ulizozigusa kwa mikono yako una thamani kuliko orodha ndefu ya matokeo ya mashine usizozijua zina RAM gani wala zilipozwaje.

Lakini namba hiyo isikutoshe, kwa maana hakuna mtu anayeendesha biashara ya kubana mafaili. Chukua kazi yako halisi kwenye flashi: bango lenye picha kubwa, kadi ya harusi yenye tabaka nyingi, video ya dakika tano, au jedwali la hesabu la mwaka mzima. Fungua faili, lihifadhi kama PDF au litoe kama video, huku ukipima muda kwa saa ya simu. Fanya hivyo mara nne, uitupe ya kwanza kwa sababu faili lilikuwa bado linasomwa kutoka kwenye diski, na katika zile tatu zilizobaki uchukue iliyo katikati.

Kwa video za intaneti, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video ya YouTube, uchague "Stats for nerds". Utaona aina ya msimbo unaotumika, yaani namna video ilivyobanwa, na idadi ya fremu (picha moja moja za video) zilizodondoshwa. Grafiki ya 5600G inafungua misimbo ya H.264, HEVC na VP9 yenyewe, lakini haina sehemu ya kufungua AV1, kwa hiyo video ya AV1 itafunguliwa na viini vya kichakataji. Kwa video ya 1080p viini sita vinaimudu kazi hiyo vizuri. Core i3-12100 ina viini 4 tu, lakini grafiki yake inafungua AV1 yenyewe. Mwenye kazi ya kuonyesha video kutwa nzima aliweke jambo hilo kwenye mizani.

Kwa michezo nitasema machache. Anza na 1920 kwa 1080, ukiwa umeshusha ubora wa picha. Ikikwama, shuka hadi 1280 kwa 720, ambapo kichakataji huchora chini ya nusu ya nukta zile za kwanza. Usiangalie wastani wa fremu peke yake. Mchezo wa mpira unaokwenda vizuri kwa dakika nzima kisha ukaganda mpigaji anapokaribia goli haujafaulu, hata kama wastani wake unapendeza.

Tunafika kwenye joto, na hapa hali ya kwetu inahusika. Pakua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na mwendo wa kichakataji, uache kompyuta ifanye kazi nzito kwa nusu saa, mlango wa chumba ukiwa umefungwa kama unavyoufunga dukani. Kikomo cha joto cha 5600G ni nyuzi 95 za Selsiasi. Kikiufikia hupunguza mwendo ili kujilinda, na kazi iliyoanza kwa kasi huishia kwa kujikokota. Kipimo nilichofanya hapa Jinja asubuhi, chumba kikiwa na nyuzi 24, hakimtoshi mtazamaji wa Arua au Gulu wakati wa kiangazi, kwa sababu chumba kikiwa na nyuzi 34, na kichakataji nacho hupanda kwa takribani nyuzi kumi. Acha nafasi hiyo ya nyuzi kumi. Kumbuka pia vumbi jekundu la barabara zetu, ambalo huziba mapezi ya kipoozi. Duka lililo kando ya barabara ya murram lipime upya kila baada ya miezi michache. 5600G inayouzwa ndani ya boksi huja na feni yake, ila ile inayouzwa bila boksi mara nyingi huja tupu, kwa hiyo ongeza bei ya feni kabla ya kusema ni rahisi.

Kuhusu umeme, wati 65 zilizoandikwa kwenye boksi si matumizi ya kompyuta nzima, na hata kichakataji chenyewe kinaruhusiwa kufika wati 88 kwa mipangilio ya kawaida. Pima ukutani kwa mita ndogo ya kuchomeka. Ikionyesha wati 60 kwa wastani, na duka likafungua saa 8 kwa siku, hiyo ni uniti 0.48 za Yaka (umeme wa kulipia kabla) kila siku, au karibu uniti 12.5 kwa siku 26 za kazi. Kisha ichomeke kompyuta kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme), uanzishe kazi nzito na uchomoe waya wa ukutani, uone kama unapata muda wa kuhifadhi faili na kuzima salama. Katika jaribio hili, kutokuwepo kwa kadi ya grafiki ni faida kubwa.

Linabaki suala la bei, nalo lihesabiwe kwa seti nzima. Ryzen 5 8600G ya mwaka 2024 ina grafiki yenye nguvu zaidi kwa mbali na inafungua AV1, lakini inadai ubao wa AM5 na RAM ya DDR5, kwa hiyo aliye na ubao wa AM4 na vijiti vya DDR4 atalazimika kuvibadilisha vyote. Mwenye ubao wa AM4 wa zamani anaweza kuihamishia 5600G humo, mradi BIOS iwe imesasishwa ili ikitambue kichakataji hicho. Isasishe kichakataji cha zamani kikiwa bado kimo ndani, kwa sababu ukishakitoa, ubao unaweza kukataa kuwaka. Ukinunua dukani, omba iwashwe mbele yako, ufungue CPU-Z, ulinganishe jina na lile la kwenye boksi, uhesabu vijiti, na uone kwenye risiti kama bei uliyotajiwa imejumuisha VAT ya asilimia 18 au bado.