Jibu la "Kawaida" Lisikutoshe: Kipimo cha Jeni na Uchaguzi wa Dawa

Ndugu madaktari, wafamasia na wataalamu wa maabara, jibu la kipimo cha jeni la kuogopwa kuliko yote ni lile lililoandikwa "kawaida". Kwa kawaida maabara haisomi jeni yote. Hutafuta mabadiliko machache iliyoyachagua, na isipoyaona huandika *1/*1, yaani nakala zote mbili za jeni ni za kawaida. Kwa hiyo kabla ya kugusa dozi, iulizeni maabara: mlitafuta nini?

Chukueni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C9 ndicho kinachoivunjavunja kwa sehemu kubwa. Vipimo vingi vilibuniwa kwa kuangalia watu wa asili ya Ulaya, hivyo hutafuta matoleo ya jeni yake yaitwayo *2 na *3. Kwa watu wa asili ya Afrika yapo pia *5, *6, *8 na *11, nayo hupunguza kasi ya kimeng'enya hicho. Mgonjwa mwenye *8 akipimwa *2 na *3 tu, anatoka *1/*1, anapewa dozi kamili, kisha INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, inapanda juu ya lengo la 2 hadi 3 na fizi zinaanza kuvuja damu. Utafiti wa COAG uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliliweka wazi jambo hili. Wagonjwa weusi waliopangiwa dozi kwa jeni walikaa ndani ya lengo asilimia 35.2 ya muda. Wenzao waliopangiwa kwa taarifa za kliniki tu, asilimia 43.5. Kikokotoo cha dozi cha utafiti huo hakikuwa na matoleo yale manne ya asili ya Afrika. Mwongozo wa 2017 wa CPIC, jopo la kimataifa la wataalamu wa jeni na dawa, unaelekeza kwamba kama hayakupimwa kwa mgonjwa wa asili ya Afrika, mpangie dozi bila kutumia jeni. Yakionekana, punguza dozi iliyokokotolewa kwa asilimia 15 hadi 30 kwa kila nakala. Na INR iendelee kupimwa vilevile. Jeni haiondoi kazi hiyo.

Kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, ina mtego wa aina nyingine. Kimeng'enya CYP2D6 huigeuza kuwa mofini, na wapo watu wenye nakala tatu au zaidi za jeni yake. Kwao mofini hujaa haraka, na mtoto anaweza kuacha kupumua. Maabara inayosoma herufi za DNA bila kuhesabu nakala itamwita mtu huyo wa kawaida. Ethiopia, ambako nakala za ziada ni nyingi, ilipiga marufuku kodeini mwaka 2015. Binafsi naona walifanya busara kuliko kumpima kila mgonjwa wa kikohozi.

Sasa sampuli, maana hapa ndipo kazi huharibika kimyakimya. Damu iwekwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda. Ile ya kijani ina heparini, nayo huzuia PCR, hatua ya kunakilisha DNA ili isomeke. Mkichukua ute wa shavuni, mgonjwa asiwe amekula, kunywa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Aliyepandikizwa uboho, damu yake inabeba jeni za aliyemchangia. Aliyepandikizwa ini ni kinyume: damu ni yake, lakini vimeng'enya vya ini ni vya mwingine, kwa hiyo jibu la damu litawapoteza.

Dawa nyingine nazo huifunika jeni. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu, CYP2C9 yake huchochewa kiasi kwamba dozi ya warfarini inaweza kulazimika kupanda mara mbili hadi tano. Hatari kubwa inakuja akimaliza rifampisini: msipoishusha dozi hatua kwa hatua mkifuata INR, atavuja damu. Fluoksetini, dawa ya sonona, nayo huzuia CYP2D6, na kodeini inaweza kushindwa kutuliza maumivu hata jeni ikiwa nzima.

Kwa abakaviri, dawa ya VVU, tunatafuta HLA-B*57:01, toleo la jeni ya kinga linaloleta mzio mkali wa dawa hiyo, kabla ya kuanza dawa; ikiwepo, mgonjwa asipewe. Msiseme tu kwamba kwa Waafrika ni nadra. Katika sampuli za HapMap, mradi wa kimataifa wa kulinganisha jeni za watu, Wamasai wa Kinyawa, Kenya, walikuwa nayo zaidi ya mmoja kati ya kumi, ilhali kwa Wayoruba wa Ibadan haikuonekana. Jibu hasi nalo haliondoi tahadhari: akipata homa, upele, kutapika au kukohoa, hasa ndani ya wiki sita za mwanzo, na mkashuku abakaviri, isimamisheni, andikeni kwenye faili, na asirudishiwe tena. Kurudishiwa dawa baada ya mzio huo ndiko kunakoweza kuua.