Kurt Warner na misimu mitatu ya ukutani

Karibuni tena, wapenzi wa michezo. Hadithi ya Kurt Warner huenda mmeshaisikia: kijana wa jimbo la Iowa, Marekani, aliyekuwa akipanga bidhaa usiku katika duka la Hy-Vee mjini Cedar Falls kwa dola 5.50 kwa saa, mara akawa bingwa wa Super Bowl, fainali kuu ya futiboli ya Kimarekani. Yote ni kweli. Ila wasimuliaji wakitoka dukani hukimbilia kwenye kombe, wakaruka misimu mitatu iliyoko katikati, 1995 hadi 1997. Leo tukae hapo.

Mwaka 1994 hakuna timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, iliyomchagua. Green Bay Packers walimwita kambini kisha wakamwacha. Aliyempa kazi ni Jim Foster, mmiliki wa Iowa Barnstormers ya Des Moines, na huyu Foster ndiye aliyebuni futiboli ya ndani yenyewe, ile inayochezwa ukumbini. Mwaka 1981 alikuwa Madison Square Garden akitazama soka ya ukumbini, akachukua bahasha na kuchora juu yake uwanja wa futiboli uliobanwa ukatosha pale pa hoki ya barafu. Ligi ilianza 1987.

Sasa huo uwanja. Urefu wake ni yadi 50, nusu ya ule wa kawaida. Kila upande una wachezaji 8 badala ya 11. Pembeni hakuna chaki na nyasi za kukimbilia, kuna ukuta uliofunikwa sponji, na nyuma ya ukuta ameketi shabiki na soda yake. Mchezaji akisukumwa anaweza kumwangukia mapajani! Mpira ukigonga wavu mkubwa wa nyuma ya goli unarudi na mchezo unaendelea. Mdakaji naye anaruhusiwa kuja mbio kabla mpira haujaanzishwa, kwa hiyo anafika mstarini akiwa kwenye kasi.

Katika hali hiyo kwotabeki, yule mrusha mpira, hana muda wa kupiga hesabu. Waliocheza chandimu uchochoroni wananielewa. Michezo yake ya kwanza Warner alihangaika sana, lakini kufikia 1997 alirusha pasi 79 za tachidauni, yaani za kufunga, katika msimu mmoja. Barnstormers walifika fainali mara mbili mfululizo na kufungwa zote mbili: 42 kwa 38 na Tampa Bay Storm mwaka 1996, kisha 55 kwa 33 na Arizona Rattlers.

Katikati ya hayo Chicago Bears walitaka kumjaribu. Akiwa fungate, buibui akamuuma kwenye kiwiko cha mkono wa kurushia, na nafasi ikapita. Sicheki, ingawa nyinyi naona mnacheka.

Mwaka 1998 alichezea Amsterdam Admirals ya Uholanzi, kisha akaingia St. Louis Rams ya NFL kama mtu wa akiba. Agosti 1999 kwotabeki wa kwanza, Trent Green, aliumia goti, Warner akapewa timu. Msimu huo pasi 41 za tachidauni na tuzo ya mchezaji bora wa NFL. Watu wakaita muujiza. Mimi naona mkono uliokwisha kufundishwa.

Mtazameni Atlanta kwenye Super Bowl, tarehe 30 Januari 2000. Rams na Tennessee Titans wako 16 kwa 16, zimebaki kama dakika mbili. Jevon Kearse, mlinzi wa Titans, anamjia Warner mbio na kumfikia mkono ukiwa bado hewani. Mpira umeshaachiwa. Unapungua nguvu kidogo, Isaac Bruce, mdakaji wa Rams, anapunguza mwendo kuupokea, kisha anakimbia hadi kufunga: yadi 73. Mechi ikaisha 23 kwa 16. Kuachia mpira huku jitu linakujia usoni ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila wiki kule Des Moines.

Baadaye aliifikisha Arizona Cardinals kwenye Super Bowl, na mwaka 2017 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa futiboli ulioko Canton, Ohio. Ule wa futiboli ya ndani ulikuwa umeshampokea 2011.

Hata hivyo, mkiniuliza nani alitawala mchezo wa ndani miaka ile, sitamtaja Warner. Kwotabeki alisamehewa kukaba, wengi wa wenzake walicheza pande zote mbili, kushambulia na kulinda, bila kutoka. Barry Wagner wa Orlando Predators alichukua tuzo ya hao wa pande mbili kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1997, mara sita mfululizo. Nani hapa amewahi kumsikia? Nyoosheni mikono, halafu tuanze maswali.