Mafuta gani, na badala ya nini?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kila ninapozungumza habari za moyo, swali la kwanza huwa lile lile: "Niache mafuta?" Mimi hujibu kwa maswali mawili. Mafuta gani? Na ukiyaacha, utaweka nini mahali pake?

Tuingie kwanza ndani ya mshipa. Mafuta na maji havichangamani, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Ndiyo maana kolesteroli, ambayo ni aina ya mafuta iliyomo kwenye damu, husafirishwa ikiwa imefungwa katika vifurushi vidogo mno, na vinavyotuhusu leo vinaitwa LDL. Vikizidi, baadhi hupenya ukuta wa ateri vikanasa humo. Seli nyeupe za damu huja kuvila, zikala hadi zikavimba na kujaa mafuta, kisha zikafia hapo hapo. Lundo hilo hukua miaka nenda miaka rudi, na mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Siku utando unaolifunika ukipasuka, damu huganda juu yake, mshipa ukaziba, na sehemu ya moyo ikakosa oksijeni. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Sasa, LDL huondokaje kwenye damu? Seli, hasa za ini, zina vipokezi vinavyoidaka na kuivuta ndani. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa ugunduzi huo. Mafuta yaliyoshiba, yale ya siagi, ya nyama nono, na ya nazi pia, hupunguza kazi ya vipokezi hivyo. LDL inabaki kuzunguka. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 22. Kijiko kikubwa cha siagi kina karibu gramu 7; cha mafuta ya nazi, zaidi ya 11. Viwili tu vya nazi na kiwango kimekwisha!

Mafuta ya transi ya viwandani, yanayotokana na kugandisha mafuta ya mimea kwa haidrojeni nusunusu, ni mabaya zaidi: yanapandisha LDL na wakati huo huo kushusha HDL, vile vifurushi vinavyorudisha kolesteroli kwenye ini. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003, gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Sioni sababu hata moja ya kuyaacha kwenye chakula cha binadamu.

Lakini lile swali la pili ndilo linalonikera moyoni, kwa sababu watu wengi walitii ushauri na hawakunufaika. Walipunguza siagi, wakaziba pengo kwa sukari na unga mweupe. Ukibadilisha hivyo, hatari ya moyo haipungui. Ukiweka mafuta ya alizeti, ya soya, karanga au samaki, inapungua.

Naona mkono kule nyuma. Mayai? Kolesteroli nyingi iliyo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, na kwa watu wengi ile ya kwenye chakula huipandisha LDL kidogo kuliko mafuta yaliyoshiba. Kwa hiyo, mama, kabla ya kulihukumu yai, tazama kwanza unalikaangia nini.