Jinamizi: Macho Yameamka, Mwili Bado Umelala

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Nilikuwa na miaka 17. Ilikuwa alfajiri, mwanga ndiyo kwanza unaanza kupenya. Nikafumbua macho, nikakiona chumba changu vizuri kabisa: dirisha, meza, vitabu juu ya meza. Nyuma ya mlango lilitundikwa koti. Koti likawa mtu. Sikumwona akitembea. Nilijua tu kwamba amesogea, kisha kwamba yuko kando ya kitanda, kisha kifua changu kikawa kizito kana kwamba nimebebeshwa gunia. Nikataka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nikataka kuinua mkono, mkono haukunitii. Sijui hali ile ilidumu kwa muda gani. Kidole kimoja cha mguu kikacheza, na papo hapo yote yakakatika. Koti lilikuwa koti.

Nilikaa miaka 6 bila kumwambia mtu, kwa kuogopa kuambiwa nimerukwa na akili. Wa kwanza niliyemweleza, mtu mzima niliyemheshimu, alicheka. Ndiyo maana kila ninapoitwa kuzungumza kuhusu usingizi naanza na hili. Najua humu ukumbini wamo waliolibeba peke yao. Mwaka 2011 yalichapishwa mapitio ya tafiti 35, zenye watu zaidi ya 36,000 kwa jumla. Katika kila watu 100, karibu 8 walikuwa wamepatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi idadi ilipanda hadi zaidi ya 28.

Kiswahili kina neno lake, jinamizi, na husemwa kwamba mtu amekabwa nalo. Aliyelichagua hilo "kukabwa" alikuwa ameonja mwenyewe, sina shaka. Na nitakachokisema leo ni kwamba aliyekabwa hajaharibika. Ubongo wake unafanya kazi mbili halali, ambazo kila siku hupokezana zamu, ila safari hii zamu zimegongana.

Ili tuelewane, nianze mchana, tukiwa macho. Mkirudi nyumbani simameni mbele ya kioo. Tazama jicho lako la kushoto, hamia la kulia, rudi la kushoto. Hutayaona macho yako yakihama, hata ukijaribu usiku kucha. Lakini mtu aliyesimama kando yako atayaona yakiruka waziwazi. Jicho huruka hivyo kama mara 3 kila sekunde, na kila linaporuka ubongo hufifiza kuona kwa kitambo kifupi mno, kisha huunga vipande kana kwamba hapakuwa na pengo. Jaribu pia kujitekenya. Huwezi, kwa sababu ubongo umeshajua kidole kitagusa wapi kabla hakijagusa, ukapunguza makali ya mguso.

Sisi Waswahili tunaziita hisi milango ya fahamu. Nalipenda sana jina hilo, ila linaweza kutupoteza tukidhani fahamu imejikalia ndani ikingoja mgeni abishe hodi. Haingoji. Inakisia muda wote nani anakuja, na kinachopita mlangoni hutumika zaidi kuyasahihisha makisio. Tunachokiita kuona ni makisio yaliyosahihishwa.

Sasa usiku unaingia. Watu hudhani milango yote hufungwa kwa pamoja. Sivyo, na hapa niruhusuni nikae kidogo, maana kuna jambo linalogusa usalama wa kila mtu.

Sikio halilali kabisa. Mwaka 1960, mtafiti wa usingizi Ian Oswald na wenzake waliwachezea watu waliolala kanda yenye majina mengi, moja baada ya jingine. Jina la mlalaji mwenyewe lilipotajwa, mawimbi ya ubongo wake yalishtuka mara nyingi kuliko kwa majina mengine. Maana yake kuna sehemu ndani yetu inayokesha, inasikiliza, inachambua, na kuamua kama jambo lenyewe linastahili kutuamsha. Kila aliyelea mtoto mchanga ameliona hili: gari linapita nje analala fofofo, mtoto akikohoa kidogo tu ameshaketi.

Pua ni habari nyingine. Mwaka 2004 Mary Carskadon na Rachel Herz wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, waliwapelekea watu waliolala harufu mbili: mnanaa, na pairidini, kemikali inayonuka vibaya mno. Watu walipokuwa kwenye usingizi mwepesi wa mwanzo walizinusa. Walipozama, harufu hazikuweza kuwaamsha, lakini mlio wa sauti uliwaamsha. Nawaomba mlichukue hili kwa uzito. Moshi ukiingia chumbani umelala, usitegemee pua yako ikuamshe. Kinachoweza kukuamsha ni king'ora cha kutambua moshi.

Turudi kwenye jinamizi. Mwaka 1951 huko Chicago, mwanafunzi mmoja wa uzamivu, Eugene Aserinsky, alimbandika mwanawe wa miaka 8 nyaya kichwani na pembeni mwa macho, akamlaza, akakaa chumba cha pili kuangalia kalamu za mashine zikichora mistari kwenye karatasi. Usiku ukiwa umekwenda, kalamu zikaanza kurukaruka kama za mtu aliye macho anayetazama huku na huku. Baba akadhani mtoto ameamka. Akaingia chumbani. Mtoto amelala usingizi mzito, na chini ya kope macho yanakwenda mbio. Aserinsky na mwalimu wake, Nathaniel Kleitman, waliitangaza habari hiyo mwaka 1953, na usingizi huo ukaja kuitwa REM, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya macho kwenda mbio. Kwa mtu mzima huchukua kati ya robo na sehemu moja ya tano ya usiku, huja takriban kila dakika 90, na hurefuka kadiri kunavyokaribia kupambazuka. Ndoto ndefu zenye visa na mikasa hutoka huko zaidi.

Lakini kama ubongo unakimbia, unapigana, unaruka ukuta, kwa nini mwili umetulia kitandani? Jibu lilitoka Lyon, Ufaransa, kwa mtafiti Michel Jouvet na paka wake. Aligundua kwamba wakati wa REM misuli hulegea kabisa, na kwamba amri ya kulegea hutoka kwenye shina la ubongo. Alipoharibu sehemu ndogo ya hapo, paka aliyelala aliinua kichwa, akanyatia, akarukia windo lisilokuwepo, na bado amelala. Kwa binadamu hali kama hiyo ilielezwa mwaka 1986 na madaktari Carlos Schenck, Mark Mahowald na wenzao: watu wanaorusha ngumi na mateke wakiwa ndotoni, wakajiumiza au kumuumiza aliye pembeni. Tusiyaite haya kuweweseka tu tukapita. Wengi wao, hasa wanaume walioanza kuzeeka, baadaye hupatwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, au magonjwa ya jamii yake. Aliyefikia hapo amwone daktari.

Kumbe kule kulegea ni ulinzi. Kila usiku mimi na wewe hulegezwa mara kadhaa, na hatujui, kwa kuwa fahamu haipo ya kushuhudia. Jinamizi ni usiku ambao shahidi amefika mapema. Macho yamefumbuka, chumba kinaonekana kama kilivyo, lakini amri ya kulegea haijaondolewa na ndoto haijamaliza kazi yake. Ule usingizi wa mang'amung'amu tunaoupita bila kuuona, mwenzetu amekwama ndani yake.

Uzito wa kifuani je? Katika REM misuli ya mbavu hulegea pia, na pumzi huachiwa kiwambo kilicho chini ya mapafu. Hewa inatosha kabisa. Ila ukizinduka ukiwa na hofu, utataka kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi, na kifua hakitakutii. Ubongo unapokea habari kwamba umeagiza pumzi na pumzi haikuja. Utakisia nini, kama si kwamba umekabwa?

Na yule mtu? Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi, akiwemo Olaf Blanke, walikuwa wakimpima mgonjwa wa kifafa mwenye miaka 22 kabla ya upasuaji. Walipogusisha umeme hafifu mahali fulani upande wa kushoto wa ubongo, pale zinapokutana habari za mwili wako uko wapi na umekaaje, alihisi kuna mtu nyuma yake. Akalala, mtu yule akalala. Akaketi na kukumbatia magoti, yule naye akaketi, na sasa alikuwa amemkumbatia yeye, akachukizwa sana. Umeme ukikatwa, hayupo. Alikuwa akiuhisi mwili wake mwenyewe, ubongo ukampa mtu mwingine umiliki wake. Ninapomkumbuka yule wa koti, naamini kwa moyo wote kwamba nilikutana na kitu cha jinsi hiyo: mwili wangu usiojibu, ukakisiwa kuwa wa mgeni.

Hali hii huja zaidi kwa aliyekosa usingizi, anayefanya kazi za zamu, aliyelala chali, au mwenye msongo mkubwa. Kwa wengi haina madhara. Lakini ikifuatana na usingizi usiozuilika mchana, au magoti kulegea ghafla unapocheka, nenda hospitali, huenda ni ugonjwa wa usingizi uitwao narkolepsi, na zipo dawa za kuutuliza.

Iko misuli ambayo ile amri ya kulegea haiifikii, nayo ni ya macho. Mwaka 1975, Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alipatana na mtu aliyekuwa na kawaida ya kujitambua ndotoni: ukijua unaota, peleka macho kushoto na kulia, mara kadhaa. Usiku ukapita karibu wote bila kitu. Asubuhi, mtu amelala, misuli imelegea, kalamu zikachora kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama walivyopatana.

Kwa hiyo likikukaba, usihangaike na mikono, wala usilazimishe pumzi. Iache iende yenyewe. Anza na macho, yazungushe taratibu. Kisha jaribu kidole cha mguu, kimoja tu.

Karibuni kwa maswali. Na kama kuna asiyependa kulisema lake mbele ya watu, nitabaki hapa mbele mpaka ukumbi ufungwe.